Waligawa viti wakaacha bunduki: diplomasia na vuguvugu la Sudan 2019

Haya jamani tuanze, mliosimama nyuma sogeeni, viti bado vipo. Leo ni Sudan ya 2019, na nitasema msimamo wangu mapema ili wa kubisha ajiandae: wasuluhishi wa mwaka ule walifanya kazi kubwa kuliko sifa wanazopewa, ila walichosuluhisha ni nani akae wapi, bunduki wakaziacha zilipo.

Anzeni na Desemba 2018. Tarehe 16 Omar al-Bashir, rais wa Sudan, anapanda ndege ya Kirusi, huyoo Damascus kumsalimia Bashar al-Assad, rais wa Syria wakati ule, na Bashir anakuwa rais wa kwanza kutoka Jumuiya ya Nchi za Kiarabu kutia mguu pale tangu mambo ya Syria yaanze 2011. Tarehe 19 mji wa Atbara unawaka, mkate umepanda kutoka pauni 1 mpaka 3, ofisi ya chama tawala inachomwa moto. Na msimdharau, kwenye diplomasia yule mzee alikuwa fundi. Hati ya ICC, mahakama ya kimataifa ya uhalifu, ya kumkamata ipo tangu 2009 na bado anasafiri, 2015 kapeleka askari kwenye vita vya Yemen kuwapigania Saudia na Emirates, yaani Falme za Kiarabu, Januari 2016 kavunja uhusiano na Iran, Oktoba 2017 Marekani wakamwondolea vikwazo vya biashara, na mwezi uliofuata tu yuko Sochi anamwomba Putin amlinde dhidi ya Wamarekani haohao! Bado Qatar na Uturuki nao marafiki. Mshika mawili moja humponyoka, huyu alishika matano, na raia walipopiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum kuanzia 6 Aprili hakuna hata rafiki mmoja aliyenyanyuka. Tarehe 11 majenerali wake wenyewe wakamtoa.

Sasa Umoja wa Afrika wakaingia kwenye mtego. Kanuni yao ya Lomé ya 2000 iko wazi, serikali ikipinduliwa nchi inasimamishwa uanachama. Lakini hapa aliyeangusha ni mwananchi na aliyekalia kiti ni mwanajeshi, unafanyaje? Tarehe 15 Aprili Baraza la Amani na Usalama likawapa wanajeshi siku 15 wakabidhi madaraka kwa raia. Mwenyekiti wa AU mwaka huo ni nani? Abdel Fattah al-Sisi, rais wa Misri, jenerali mstaafu, naye tarehe 23 akaita kikao Cairo cha kuomba wanajeshi wapewe muda, na mwezi ulipoisha zile siku 15 zikawa 60. Siku mbili kabla ya kikao hicho Saudia na Emirates walishatangaza msaada wa dola bilioni 3. Yaani Addis Ababa, makao ya AU, wanatoa tarehe ya mwisho, Riyadh na Abu Dhabi wanatoa hela, we ungekuwa jenerali ungemsikiliza nani?

Mei nzima majadiliano ya wanajeshi na Muungano wa Uhuru na Mabadiliko, yaani wapinzani wa kiraia, yanaenda yanakwama. Mwisho wa mwezi Hemedti, kamanda wa RSF, kikosi chenye silaha kilicho nje ya jeshi, anaenda Saudia, na Jenerali Burhan, mkuu wa baraza la kijeshi lililokalia kiti, anaenda Cairo na Abu Dhabi, wanarudi, alfajiri ya 3 Juni kambi inavunjwa kwa risasi. Kamati ya madaktari ilihesabu waliouawa zaidi ya 100, maiti nyingine zikatolewa kwenye Mto Nile, intaneti ikakatwa. Sisemi waliagizwa huko walikokwenda, hilo sina ushahidi nalo, nasema tu hawakurudi na hofu. Kesho yake kwenye Baraza la Usalama la UN, Urusi na China wakazuia hata tamko la kulaani.

Kilichobadilisha mambo ni vitu vitatu vilivyogongana ndani ya mwezi mmoja. AU wakaisimamisha Sudan tarehe 6. Kesho yake Abiy Ahmed, waziri mkuu wa Ethiopia, akatua Khartoum, akaongea na pande zote mbili, na baadhi ya wapinzani aliokutana nao wakakamatwa baada ya kikao, dharau ya wazi kabisa, ila hakususa, mjumbe wake Mahmoud Dirir akabaki akiunganisha nguvu na Mohamed Hassan Lebatt wa AU. Na Wamarekani wakaanza kuwapigia simu Saudia na Emirates, maana ndio wenye mfuko. Lakini jamani hayo yote yangeishia kwenye makabrasha kama si 30 Juni, siku ileile Bashir aliyochukua nchi 1989, watu wakafurika mitaani bila intaneti, wakijulishana kwa vipeperushi na kugongeana milango. Tarehe 5 Julai makubaliano yakatangazwa. Msuluhishi anasikilizwa pale jenerali akishaona risasi haijamaliza kazi, kabla ya hapo anapewa chai tu.

Tuje kwenye karatasi yenyewe ya makubaliano, iliyosainiwa Agosti. Baraza la Utawala watu 11, wanajeshi 5, raia 5, mmoja wa kukubaliana. Kipindi cha mpito miezi 39, mwanajeshi anaongoza 21 ya kwanza na raia 18 ya mwisho. Inapendeza. Halafu unasoma unakuta RSF ya Hemedti imetajwa kama taasisi ya kijeshi sambamba na jeshi la taifa, na kurekebisha vikosi kukaachiwa wanajeshi wenyewe. Watetezi wa Lebatt na Dirir wanasema wangegusa hapo meza ingepinduka, na mimi nakubali ingeweza kupinduka. Ila zile dola bilioni 3 zingeweza kufungwa na sharti la vikosi viwili kuwa kimoja, na waliokuwa na uwezo wa kuweka sharti hilo hawakuwa wasuluhishi, walikuwa wafadhili, na wafadhili walikuwa na askari wa Sudan kule Yemen wanaowahitaji.

Oktoba 2021, zamu ya raia kuongoza ikiwa karibu, Burhan akapindua. Tarehe 15 Aprili 2023 yeye na Hemedti wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe katikati ya Khartoum. Mei wajumbe wao wakakutanishwa Jeddah, Marekani na Saudia wakiwa wenyeji, wakatia saini tamko la kulinda raia, na kwenye chumba kile raia wa Sudan hawakuwa na kiti hata kimoja.

Haya, maswali. Dada pale mbele, halafu yule wa nyuma.