Mwendo, Mdundo, Kimo: Kwaya Inakosea Wapi?

MWALIMU WA KWAYA: Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Tukuyu. Leo tunatenganisha mambo matatu ambayo mazoezini husemwa kwa neno moja, "Mnaharibu!" Kuna mwendo, kuna mdundo, kuna kimo cha sauti.

MPIGA KINANDA: Na kila moja lina dawa yake, mwalimu. Tuanze na mwendo, hauna mambo mengi.

MWALIMU WA KWAYA: Mwendo ni mapigo kwa dakika. Ukiwa 60, kila pigo ni sekunde moja. Kama huna metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, tazama saa, hesabu mapigo ya sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 22, mwendo ni 88. Pima ubeti wa kwanza, pima na wa mwisho, uone kama mwendo umebadilika.

MPIGA KINANDA: Lakini 88 inaweza kubaki 88 na mdundo, yaani jinsi nota zinavyogawana pigo, ukawa umekufa. Kwenye nota za solfa, zile za do-re-mi zinazoandikwa kwa herufi, nukta pacha (:) hutenga pigo na pigo, nukta moja (.) hukata pigo nusu kwa nusu, na mkato (,) ndio unaoleta robo. Sasa tazama hii: s .,l. Hapo so ina robo tatu za pigo, la inabaki na robo moja. Wengi wanaimba nusu kwa nusu.

MWALIMU WA KWAYA: Au theluthi mbili kwa moja, dada. Hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu inakaribia sahihi na mwalimu anaiachia.

MPIGA KINANDA: Shusheni mwendo hadi 50. Ndani ya kila pigo tamkeni "ta-ka-ti-ki", sawasawa. So inashika ta-ka-ti, la inaingia kwenye "ki". Makofi kwanza, sauti baadaye.

MWALIMU WA KWAYA: Kimo sasa. Ukimwambia mtu "panda", anapaza sauti tu. Kimo si nguvu, ni mitetemo kwa sekunde. Nota A ya kutyunia ala ni 440, A inayofuata juu yake, yaani oktava moja, ni 880.

MPIGA KINANDA: Kwaya ikishuka, mimi huwa nasikiliza mi na ti kwanza. Toka mi kwenda fa, na ti kwenda do, ni nusu toni tu, hatua fupi kuliko nyingine za ngazi. Mi ikilegea, fa inaifuata chini, na ubeti wa tatu do yenu si ile tena. Zimeni kinanda, imbeni ubeti mmoja, kisha gusa do. Utasikia mmeanguka kiasi gani.

MWALIMU WA KWAYA: Ila wakati mwingine waimbaji hawana kosa. Chukua asubuhi ya Juni kule Makete: gitaa limetyuniwa ukumbi ukiwa baridi. Watu wakijaa, joto linalegeza nyuzi, gitaa linashuka. Tarumbeta zikipata joto zinapanda!

MPIGA KINANDA: Na kinanda cha umeme kimekaa palepale. Kwa hiyo tyunini watu wakishaingia. Tarumbeta zipulizwe taratibu kwanza zipate joto, halafu vuta mrija wake nje kidogo kidogo mpaka ilingane na kinanda. Gitaa lifuate hapohapo.