Nani Anapanga Foleni ya Habari Kwenye Simu Yako?

Walimu, wafanyabiashara, madereva, wazee wetu wa Busia, na ninyi mnaosimamia makundi ya WhatsApp ya misikiti, makanisa, vyama vya akiba na stendi za boda boda, asanteni kwa kufika.

Hapa mpakani mwa Uganda na Kenya kila mtu anaijua foleni ya malori. Lori lililotangulia kufika si lazima litangulie kuvuka. Lipo lenye karatasi kamili, lipo lenye nyanya zinazooza, lipo linalosubiri simu kutoka Kampala. Anayepanga foleni hiyo ndiye anayeamua sokoni kuingie nini leo. Simu yako nayo ina foleni, na nimekuja kueleza nani anaipanga na anapima nini.

Wengi mnaikumbuka mijadala ya ebimeeza, watu wamekusanyika na redio inarusha moja kwa moja, kabla haijapigwa marufuku Septemba 2009. Pale mwenyekiti alionekana. Ukinyimwa zamu ulimjua aliyekunyima. Kwenye mtandao wa kijamii mwenyekiti ni hesabu, yaani algoridhimu, na haina sura ya kulalamikiwa.

Chukueni X, iliyokuwa Twitter. Tarehe 31 Machi 2023 ilitoa hadharani sehemu ya msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, kwa hiyo hapa hatubahatishi. Wakati huo, ukiifungua, mfumo kwanza ulikusanya posti zipatazo 1,500 kutoka katika mamia ya mamilioni. Karibu nusu zilikuwa za watu unaowafuata. Nusu nyingine zilikuwa za watu usiowafuata kabisa, na hapo ndipo mtu huuliza, "Huyu ameingiaje kwangu?" Ameingia kwa sababu watu wenye tabia kama yako, waliopenda ulivyovipenda, wamemgusa yeye.

Kisha kila posti inapewa alama. Mfumo unakadiria uwezekano wa wewe kubonyeza laiki, wa kujibu, wa kusambaza, wa kuripoti. Kila uwezekano unazidishwa kwa uzito wake, halafu yote yanajumlishwa. Katika uzito uliotangazwa mwaka 2023, laiki ilikuwa 0.5, kusambaza 1, na jibu 13.5. Jibu ambalo mwenye posti naye ameligusa lilikuwa 75. Kuripoti kulikuwa hasi 369.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye kiini. Posti ya kwanza inatoa bei za mahindi za leo. Uwezekano wa wewe kuipenda ni asilimia 30, wa kuijibu ni asilimia 0.1. Zidisha: 0.15 na 0.0135, jumla 0.1635. Posti ya pili inadai bila ushahidi kwamba mahindi ya upande fulani yana sumu. Uwezekano wa kuipenda ni asilimia 10 tu, lakini wa kuijibu, kwa hasira au kwa kubisha, ni asilimia 1. Zidisha: 0.05 na 0.135, jumla 0.185. Ya pili inatangulia. Imependwa mara tatu pungufu, na bado imekaa juu ya bei ambazo mama wa sokoni alizihitaji asubuhi.

Angalieni kwamba hakuna mahali popote katika hesabu hiyo palipouliza kama habari ni kweli. Mfumo haukuundwa kupendelea uongo. Umeundwa kupendelea kitakachokufanya utende, na uongo unatutendesha haraka. Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walilionyesha hilo katika jarida la Science mwaka 2018, baada ya kufuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter na watu wapatao milioni 3 kati ya 2006 na 2017. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 70 wa kusambazwa upya kuliko ya kweli. Habari ya kweli ilichukua muda mara sita hivi zaidi kuwafikia watu 1,500. Walipoziondoa akaunti za roboti kwenye hesabu, tofauti ilibaki pale pale. Vidole vilivyobonyeza vilikuwa vya watu.

Namba hizi hubadilishwa mara kwa mara, na kila badiliko hubadilisha mazungumzo ya nchi nzima. Mwaka 2017 Facebook iliipa alama ya hasira uzito mara tano ya laiki, na haikuushusha hadi sifuri mpaka mwaka 2020. YouTube mwaka 2012 iliacha kuhesabu mibonyezo na kuanza kuhesabu muda wa kutazama, na video zikarefuka.

Kwa hiyo jambo la kwanza la vitendo: usimkosoe mwongo chini ya posti yake. Jibu lako la busara, lenye ushahidi, linahesabiwa sawa na matusi, na linaisukuma posti mbele. Piga picha ya skrini, ichore mstari mkubwa mwekundu, andika ukweli juu yake kwa herufi kubwa, kisha uweke kwenye ukurasa wako. Ile ya asili iripoti, usiiguse tena.

Hapa kwetu Uganda kuna mambo mawili yanayoipinda foleni zaidi. La kwanza ni VPN, programu inayoficha mahali ulipo. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifuta akaunti bandia ilizozihusisha na kitengo cha serikali, serikali nayo ikaifunga Facebook, na ikabaki imefungwa kwa miaka. Watu wakazoea VPN. Lakini VPN inauambia mtandao kwamba uko Uholanzi au Marekani, na eneo ni moja ya dalili zinazotumika kuchagua matangazo na mada zinazovuma. Umekaa Busia, unaletewa ugomvi wa Amsterdam. Ukiweza, chagua seva iliyo karibu, Kenya au Afrika Kusini, na uizime pale usipoihitaji.

La pili ni bando. Wengi hununua bando la mitandao ya kijamii tu. Kiungo cha habari kikifika, kukifungua kunakula data nyingine, kwa hiyo kinasomwa kichwa cha habari na kufowadiwa. Admini anayewajali watu wake anafungua mwenyewe, ananakili aya mbili tatu muhimu pamoja na tarehe na jina la chombo, na kuzibandika kama maandishi. Maandishi hayo hula kilobaiti chache tu.

Sasa WhatsApp, na hapa naomba msikilize kwa makini, kwa sababu hapa hakuna algoridhimu inayowapangia. Ujumbe wa kundi unafika kwa mpangilio wa saa. Umefungwa kwa usimbaji, hata kampuni haiusomi. Wanaopanga foleni ni wanakundi na admini.

Chukueni kundi la watu 200. Ikiwa watu 4 tu watafowadi uvumi kwenda makundi mengine yenye watu 200, umefika kwa watu 800. Hatua inayofuata 3,200, kisha 12,800. (Kweli kuna watu walio katika makundi mawili, lakini umbo la hesabu halibadiliki.) Sasa admini akiufuta mapema, kiasi kwamba kwa wastani kila kundi linazaa chini ya kundi moja jipya, uvumi unakufa wenyewe. Huhitaji kumzuia kila mtu. Unahitaji kushuka kutoka wanne hadi chini ya mmoja. Ndiyo maana WhatsApp mwaka 2019 iliweka ukomo wa kufowadi kwa mazungumzo 5 kwa mara moja, na Aprili 2020 ikaushusha hadi 1 kwa ujumbe uliokwisha kufowadiwa mara nyingi. Ujumbe wa namna hiyo una mishale miwili. Mishale miwili haimaanishi ni uongo. Inamaanisha kwamba aliyekutumia siye aliyeuandika, na aliyemtumia yeye pia siye.

Uvumi mgumu kuliko wote ni ukweli wa zamani. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, yaani sumu ya kuvu, kisha ndani ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Tangazo lile ni halisi, lina muhuri, lina sahihi. Likifowadiwa leo bila tarehe, mfanyabiashara anaweza kugeuza lori. Kabla ya kuamini barua yoyote, tafuta tarehe sehemu ya juu, na sehemu ya sahihi. Imekatwa? Kaa chonjo, maana mara nyingi hukatwa kwa makusudi. Kwa picha, ifungue kwa Google Lens, inayotafuta mtandaoni kwa kutumia picha, na uangalie kama ilikwisha kuonekana miaka ya nyuma. Kwa video, simamisha mahali penye bango, namba ya gari au sare, piga picha ya skrini, kisha uitafute hivyo hivyo.

Msitegemee mashine iwasaidie kwa Lusamia, Lusoga au Luganda. Mifumo ya kunasa uchochezi hujifunza kutokana na maandishi mengi, na lugha zetu zina machache mno mtandaoni. Kazi ya kukusanya sauti na maandishi ya Luganda inayofanywa Makerere ni ya thamani kubwa, lakini leo, usiku huu, anayeelewa tusi lililofichwa ndani ya methali ni wewe.

Admini, fanyeni hivi. Washeni idhini ya wanachama wapya. Wekeni maadmini wawili au watatu wanaolala saa tofauti, maana uvumi hupenda usiku. Ujumbe wa mashaka ufuteni kwa wote kwanza, kisha mwelezeni mtumaji faraghani, asiaibike mbele za watu. Usahihisho uanze na ukweli, usianze kwa kurudia uongo, na uwe sauti isiyozidi nusu dakika katika lugha ya kundi. Halafu mwombeni mtumaji arudi kwenye makundi mengine alikoutuma aufute huko pia. Ana siku mbili na saa kadhaa tangu alipoutuma. Zikipita, chaguo la kufuta kwa wote halionekani tena.