Gata Likiziba, Nyumba Inakunywa Maji

Wazee wangu shikamooni, na wengine nawasalimu. Nashukuru mmekuja jua likiwa bado kali. Niliomba tukutane Februari kwa makusudi, maana hapa Dar es Salaam masika yanaingia mwezi wa tatu, na ikishapiga mvua ya kwanza simu yangu haipumziki. Kila anayepiga ana neno lile lile: fundi, bati linavuja.

Nikifika sipandi juu kwanza. Naingia ndani nitazame doa la dari liko wapi. Likiwa katikati ya chumba, hapo kweli nitafute msumari uliolegea au bati lililotoboka. Lakini likiwa limefuata ukuta wa nje, kahawia, refu kama mkanda, mara nyingi bati halina kosa lolote. Gata, ule mfereji wa kukinga maji pembeni mwa paa, ndilo limeziba. Maji yamejaa, yamekosa njia, yamerudi nyuma kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, yakafuata ncha za kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, mpaka kwenye jipsamu ya dari. Kuna nyumba nilibonyeza fisha bodi kwa kidole gumba, kikazama chote mpaka mwisho wa kucha. Kwa nje rangi nyeupe inang'aa, ndani ubao umekuwa kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Mwenye nyumba alikuwa ameshanunua mabati mapya.

Chukueni hesabu hii, ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba, ni lita moja ya maji. Paa la mita 12 kwa 10 likipigwa na mvua ya milimita 50, na hiyo kwa masika yetu si ajabu, limepokea lita 6,000. Ni simtanki sita za lita elfu moja. Gata likiwa zima, maji hayo unayapeleka unakotaka. Likiziba, yanamwagikia pale pale chini ya ukuta, mvua baada ya mvua, mpaka udongo unaondoka na msingi unabaki wazi. Zungukeni nyumba zenu leo jioni. Mkiona kijifereji kimechimbika sambamba na ukuta, na plasta ya chini ina matope yaliyorukia, tazameni juu yake.

Kinachoziba ni nini? Majani ya mwembe na mkungu ni makubwa, yanalala juu ya tundu la bomba linaloteremsha maji kama kifuniko. Kwa hayo wavu unasaidia. Mwarobaini ni habari nyingine: vijani vyake vinapenya wavu, vikilowa vinashikana na vumbi, linakuwa tope jeusi zito. Mwenye mwarobaini karibu na paa asitegemee wavu, asafishe. Halafu kuna kunguru. Nimetoa mifupa ya kuku, vipande vya waya, soksi ya mtoto, vyote kwenye gata moja.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hili linaniuma kuliko mbao na rangi. Jiji hili lilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014, na tena 2019. Mbu anayeieneza anauma mchana, na anapenda maji yaliyotuama karibu na watu. Gata lenye dimbwi ni nyumba yake. Mayai yake anayabandika ukingoni mwa maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, mvua ikirudi yanaanguliwa. Kwa hiyo kuzoa majani tu hakutoshi. Gata lisuguliwe kwa brashi, kuta zake za ndani, mpaka utelezi utoke.

Wenye nyumba za paa la kuficha, nawaomba zaidi. Gata la kawaida likifurika, maji yanamwagika nje. La kwenu liko ndani ya ukuta uliopandishwa, likifurika hayana pa kwenda ila sebuleni. Na kwa kuwa halionekani kutoka chini, linasahaulika miaka. Mwambieni fundi atoboe ukuta huo tundu la akiba, chini kidogo ya ukingo wa gata. Siku bomba likiziba maji yatatokea hapo, na mkiyaona yanachuruzika nje mtajua mapema. Mimi sikubali kujenga paa la namna hiyo bila tundu hilo.

Kazi yenyewe inaanzia penye tundu la bomba. Lizibe kwanza kwa kitambaa, uchafu usiteremke. Zoa kwa mwiko wa plastiki, tia kwenye ndoo, usitupe chini. Ukimaliza toa kitambaa, peleka mpira wa maji mwisho wa gata, fungua, kisha simama utazame. Maji yakibaki yametuama, mwinamo umekufa. Rudisha kama sentimita moja kwa kila mita mbili. Silikoni ya maungio ipakwe gata likiwa kavu kabisa, la sivyo itabanduka. Wanaovuna maji ya kunywa, mvua ya kwanza baada ya kiangazi ielekezeni nje, isiingie tangini, imebeba kinyesi cha ndege.

Ngazi isiegemee gata. Kijana niliyefanya naye kazi aliiegemeza kwenye gata la plastiki, likateleza, akavunjika mkono. Iegemee ukutani, mguu wake uwe mita moja nje kwa kila mita nne za kwenda juu, na mtu aishike. Upande unaoingia waya wa umeme kutoka nguzoni msipande wenyewe. Mkimwita fundi, mwambieni awapigie picha kabla na baada, na mumwone akimwaga maji kabla hamjamlipa.

Fanyeni mara mbili kwa mwaka, sasa kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Mwenye miti juu ya paa aongeze.

Mwenyeji wetu ameniruhusu tuanze na hapa hapa kwake. Nilipoingia niliona mche wa mkuyu umechipua kwenye gata la upande wa jikoni, una majani manne. Ngazi iko nje. Nahitaji watu wawili wa kuishika.