Jinsi ya kukata na kutamka maneno marefu ya kitabibu kwa Kiingereza

Karibuni, wapendwa, hasa mnaosomea uuguzi na utabibu. Daftari tayari? Tuanze na hili: otorhinolaryngology. Ni idara ya masikio, pua na koo.

Kwanza pigia mstari vipande vyake vya Kigiriki. Oto, sikio. Rhino, pua. Laryngo, zoloto, pale sauti inapotokea. Logy, elimu. Ngojeni, taa inapiga ubaoni, hamuoni kitu. Nausogeza… haya.

Sasa silabi: o-to-rai-no-la-rin-go-lo-ji. Hiyo ng ni ya ngoma, siyo ya ng'ombe. Lakini kwenye laryngitis g inageuka j: la-rin-JAI-tis.

Hapa tulieni. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho: hospiTAli, dakTAri. Kwa hiyo ulimi utakuvuta useme LO-ji. Usiufuate! Hesabu kutoka mwisho: ji, lo, GO. Ya tatu. La-rin-GO-lo-ji. Maneno ya -logy, -scopy, -graphy na -ectomy yanakwenda hivyo: kar-di-O-lo-ji, en-DOS-ko-pi, his-te-REK-to-mi. Ya tatu, jamani, siyo ya pili! Ya -itis ndiyo yanafuata mkazo wetu: he-pa-TAI-tis. Hayo hayana shida, tusonge.

Sphygmomanometer, kipimo cha presha. Ph ni f, usizitenganishe kamwe. Kata kati ya g na m: sfig-mo. Usichomeke irabu hapo. Siyo "sifigimo". Funga g, papo hapo ingia m: sfig-mo. Tena: sfig-mo. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, rudieni mpaka ulimi ukubali.

Mimi neno refu napenda kulijenga kuanzia mkiani, maana mkazo unakaa mahali pake tangu mwanzo. Semeni nami: NO-mi-ta. Ma-NO-mi-ta. Mo-ma-NO-mi-ta. Sfig-mo-ma-NO-mi-ta. Safi sana!

La mwisho, ophthalmology, elimu ya macho. Maka peni inaisha wino, nakoleza. Tazameni: p-h, halafu t-h. Kata katikati yake: of-thal-MO-lo-ji, th ya thelathini. Na mkiandika, h ni mbili. Ile ya kwanza, baada ya p, ndiyo watu wanaiacha. Iandikeni sasa hivi, kisha isomeni kwa sauti.