Admirali Aliyepima Bahari Yetu: Maisha ya William Fitzwilliam Owen

Mabibi na mabwana, assalaam aleikum, na ahsanteni kwa kuja.

Akitajwa admirali wa zama za matanga, watu wengi humkumbuka Nelson: mizinga, moshi, milingoti ikianguka. Wangu wa leo ni mwingine. William Fitzwilliam Owen hakuupata uadmirali kwa kushinda vita. Kazi yake kubwa ilikuwa kupima vina vya maji, na sehemu kubwa ya maji hayo ni haya yetu, tangu Rasi ya Tumaini Jema hadi Pembe ya Afrika. Na mara moja, Februari 1824, aliiweka Mombasa chini ya mfalme wa Uingereza bila ya kuamriwa na mtu yeyote. Nitakaa na mambo hayo mawili. Mengine nitayapitia mbio.

Alizaliwa Manchester mwaka 1774, mwana wa nje ya ndoa wa nahodha wa manowari. Baba alifariki India mtoto akiwa bado mdogo, na William na kaka yake Edward wakabaki mikononi mwa rafiki wa baba yao, ofisa wa jeshi la wanamaji aitwaye Thomas Rich. Mwaka 1788, akiwa na umri wa miaka 13, alipandishwa kwenye manowari ya mlezi wake, Culloden. Kijana asiye na shamba wala urithi hakuwa na mlango mwingine mpana kama huo. Alikuwemo humo tena kwenye vita vikubwa vya tarehe 1 Juni 1794 dhidi ya Wafaransa. Miaka kumi baadaye yuko Bahari ya Hindi, amekabidhiwa chombo kidogo, Seaflower, na ndani yake akaanza kupima njia za maji za Maldivi na Sumatra.

Mwaka 1808 Wafaransa wakamkamata na chombo chake, wakamfunga Morisi, ambayo wakati huo ilikuwa yao. Alikaa humo hadi 1810. Kisiwani humo alikuwa amezuiliwa pia Matthew Flinders, yule aliyeizunguka Australia akiichora. Mwaka 1811, keshaachiliwa, Owen akapewa unahodha kamili.

Hapa nieleze kidogo vyeo vya jeshi lile, maana bila hivyo maisha ya mtu huyu hayaeleweki. Ukishapata unahodha kamili, jina lako liliandikwa kwenye orodha, na kuanzia hapo ulipanda kwa zamu tu. Aliye mbele yako akifa au akipandishwa, nawe unasogea. Ushujaa haukukurusha mbele ya mwenzako, na uzembe mdogo haukukurudisha nyuma. Kilichotakiwa ni kuishi. Owen alingoja tangu 1811 hadi 1847, miaka 36, ndipo akaitwa admirali, mtu mzima aliyevuka miaka 70. Kwa hiyo yote nitakayoyasimulia kuhusu pwani hii aliyafanya akiwa nahodha.

Mwaka 1822 aliondoka Uingereza na manowari mbili, Leven na Barracouta, kuja kuichora Afrika ya Mashariki. Ramani za Wazungu wakati ule zilikuwa na makosa ya kutisha: miamba isiyoandikwa, milango ya mito iliyohamishwa mbali na mahali pake. Manahodha wetu wa majahazi waliijua pwani hii kwa kichwa, lakini elimu yao ilikaa vifuani mwao na kwa wanafunzi wao. Owen alitaka iwe karatasini.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Mashua inateremshwa. Omo, mbele ya mashua, amesimama baharia mwenye bildi, kipande cha risasi kizito kilichofungwa kwenye kamba yenye alama za pima. Chini ya risasi kuna kishimo kilichojazwa shahamu. Anairusha mbele, inazama, kamba inasimama wima, anataja kina kwa sauti. Akiivuta juu wanaitazama ile shahamu: imenasa mchanga, au tope, au vipande vya matumbawe? Hilo nalo linaandikwa, kwa sababu nahodha atakayekuja baadaye atataka kujua kama nanga yake itashika. Wakati huohuo mwenzake anapima pembe baina ya rasi na mnazi mrefu na minara ya ufukweni, ili ijulikane mashua ilikuwa wapi hasa. Kisha wanavuta makasia kidogo, wanarusha tena. Hivyo kutwa, juani, miaka minne na zaidi.

Na walikufa. Kwenye ghuba ya Delagoa, ilipo Maputo leo, mabaharia walipanda mito kwa mashua na kulala kando ya maji, na homa ikawazoa. Hapakuwa na aliyejua habari ya mbu. Walidhani ni hewa mbaya itokayo kwenye mabwawa. Leven iliporudi Uingereza mwaka 1826, zaidi ya nusu ya watu waliotoka nao hawakuwa hai. Walirudi na chati zipatazo 300. Naona ni haki kuwakumbuka vijana wale kila tunaposifu ufundi wa chati zile, kwa sababu sifa humwendea nahodha, na waliorusha bildi hata majina hatuyataji.

Sasa Mombasa.

Mwaka 1823 Mazrui walikuwa wamebanwa. Ukoo huu uliitawala Mombasa kwa karibu miaka tisini na ulikuwa umekataa kuwatii Busaidi wa Muscat. Seyyid Said, mtawala wa Muscat na Oman, naye hakuwa mtu wa kusahau. Pemba, ghala lao la chakula, ilikwisha kuwatoka. Mashambulizi ya Lamu yaliwashinda pale Shela miaka kumi nyuma. Waliomba msaada kwa Waingereza wa Bombay, India, wakanyimwa. Desemba mwaka huo Barracouta iliingia bandarini, na wakubwa wa mji wakamwomba nahodha wake, Vidal, awape bendera ya Uingereza. Vidal akasema hana idhini hiyo.

Basi wakashona yao.

Nalisisitiza hili kwa sababu historia hii husimuliwa kana kwamba Mwingereza alikuja akatuchukua. Leven ilipofika tarehe 7 Februari 1824, ikisukumwa na Kaskazi, Owen aliiona bendera ya nchi yake juu ya Ngome ya Yesu, bendera iliyoshonwa na watu wa mji, na nje ya bandari vyombo vya Oman vimeuzingira mji. Mazrui walikwisha kukata shauri. Walihitaji nahodha mmoja tu ambaye hangeiteremsha.

Wakampata. Owen alichukia biashara ya watumwa kwa moyo wake wote. Alikuwa ameiona Msumbiji, ameona watu wakipakiwa. Alikuwa ametoka Muscat, ambako alimweleza Seyyid Said kwamba Mombasa wakiomba ulinzi hatawakatalia. Tarehe 9 Februari mkataba ukatiwa saini. Liwali Sulaiman bin Ali na ukoo wake wabaki na utawala. Uingereza iwasaidie kurudishiwa milki zao za zamani. Wakala wa Kiingereza akae mjini, na ushuru wa bandari ugawanywe nusu kwa nusu. Na Mombasa iache biashara ya watumwa. Vyombo vya Oman vikaondoa mzingiro.

Someni masharti yale mtaona kila upande ulikuwa na lake. Mazrui walitaka Pemba na usalama. Katazo la watumwa lilikuwa bei waliyokubali kulipa. Owen alitaka katazo. Pemba ilikuwa bei yake. Alijaribu kuilipa, akaenda Pemba na Mubarak wa Mazrui kudai kisiwa, na liwali wa huko akakataa.

Luteni aliyeachwa Mombasa kama wakala ni John James Reitz, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mei mwaka huohuo alikwenda hadi Pangani, na homa ikamuua safarini. Ninyi mliotoka Port Reitz asubuhi hii, jina la mtaa wenu ni lake. Baadaye akaja Luteni Emery, akakaa hadi Julai 1826, akiandika shajara ambayo kwa wanahistoria ni hazina: nani kaingia bandarini, nani kagombana na nani, mzigo gani umetozwa ushuru.

Lakini serikali ya Uingereza haikuutaka mkataba. Seyyid Said alilalamika, na Waingereza walihitaji urafiki wake kwa ajili ya Ghuba na njia ya India kuliko walivyohitaji Mombasa. Mwaka 1826 bendera ikateremshwa, wakala akaondoka, na Mazrui wakaachwa peke yao mbele ya adui ambaye sasa alikuwa na sababu mpya ya hasira. Mwaka 1828 Seyyid Said akaja mwenyewe na manowari zake. Walipigana na kupatana mara kadhaa, hadi mwaka 1837 wakubwa wa Mazrui walipokamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, ambako waliishia. Mshairi wa Mombasa, Muyaka bin Haji, alikuwa hai akiyaona yote hayo, na tungo zake za siasa zina uchungu wa mji ule.

Je, Owen alaumiwe? Mimi namlaumu kwa jambo moja. Alijua hana idhini, na akatia saini kana kwamba anayo, huku wanaoweka roho zao rehani ni wengine. Nia yake njema haikumlinda Mmazrui hata mmoja. Ila simwiti mwongo. Aliamini kwamba London ikielezwa itakubali, na alipokataliwa aliendelea kuitetea Mombasa kwa maandishi, jambo ambalo halikuwapendeza wakubwa wake.

Mwaka 1827 alitumwa Fernando Po, kisiwa cha Afrika ya Magharibi, kuanzisha kituo cha kupambana na meli za watumwa. Mji alioujenga ndio Malabo ya leo. Mwaka 1835 akahamia Campobello, kisiwa cha familia yake huko New Brunswick, Kanada, na hata uzeeni hakuiacha bildi. Aliipima Ghuba ya Fundy, ambako maji hujaa na kupwa kuliko popote duniani. Bamvua letu hapa halifiki mita tano. Kule hukaribia 16. Uadmirali ulimfikia mwaka 1847, ukaongezwa daraja mwaka 1854, na akafariki Saint John tarehe 3 Novemba 1857. Seyyid Said alikuwa ametangulia mwaka mmoja nyuma, safarini kutoka Muscat kwenda Unguja.

Nafasi ya maswali sasa ni yenu. Kama yupo humu ambaye ukoo wake umehifadhi simulizi za miaka ile miwili ya bendera, naomba aanze yeye.