Kiti cha Alhamisi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, maana najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja.

Nimeombwa niwaeleze msimu mpya wa okestra ya Gewandhaus, ya hapa hapa Leipzig, unaofunguliwa Septemba na kwenda hadi majira ya joto. Ratiba sitawasomea, kila mtu ataisoma mwenyewe. Nataka tulishike neno moja tu, Anrecht. Ukilipia msimu, ukapewa kiti kilekile tamasha baada ya tamasha, huku Ujerumani wanasema una Anrecht. Maana yake haki. Kiti kile ni haki yako.

Neno hilo linaeleza okestra hii ilivyozaliwa. Machi 1743 watu 16 wa mji huu, wafanyabiashara na waungwana, walichangishana wakaweka wapigaji 16. Mfalme hakuagiza, na kanisa halikuagiza. Walianzia majumbani, wakahamia kwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Drei Schwanen, na mwaka 1781 wakajengewa ukumbi ghorofani katika jumba la wauza vitambaa. Ndiyo maana ya Gewandhaus, jumba la vitambaa. Tuliokulia karibu na vikundi vya taarabu jambo hili si geni kwetu. Ikhwani Safaa ya Unguja imesimama tangu 1905 kwa sababu ni chama, na chama kina wenyewe.

Sasa, mtu atauliza, kwa nini nilipie muziki ambao sijausikia? Ngoja niwasimulie.

Mtunzi wa muziki Franz Schubert alifariki Vienna mwaka 1828, akiwa na miaka 31. Aliacha simfoni kubwa, yaani utungo wa kupigwa na okestra nzima, inayokaribia saa nzima. Wapigaji wa Vienna waliijaribu wakaiweka kando: ndefu mno, ngumu mno. Miaka kumi baadaye mtunzi mwingine, Robert Schumann, alikwenda nyumbani kwa Ferdinand, kaka yake Schubert, akaonyeshwa rundo la karatasi za muziki. Ndani yake simfoni ile. Aliituma Leipzig kwa Felix Mendelssohn, aliyekuwa akiiongoza okestra hii tangu 1835, na tarehe 21 Machi 1839 ikapigwa hadharani kwa mara ya kwanza. Schubert mwenyewe hakuwahi kuisikia tamashani.

Mwaka 1844 Mendelssohn aliipeleka London. Kwenye mazoezi wapigaji walicheka, kwa vile sehemu ya mwisho violini zinarudia mdundo uleule mpaka mkono unakufa ganzi. Akaiondoa kwenye ratiba.

Leipzig haikuchekwa. Mimi naamini sababu ni watu wa Alhamisi, maana matamasha makubwa yalikuwa Alhamisi, na hata leo ni Alhamisi na Ijumaa. Walikuwa wamekwisha lipa, walikuwa wamezoea kukaa pamoja wiki hadi wiki, na walimwamini mtu aliyesimama mbele yao. Mwenye kununua tiketi moja moja huchagua anachokijua. Mwenye kiti chake huletewa asichokijua, akakipenda.

Simfoni hiyo, siku mkiikuta kwenye ratiba, msichelewe. Inaanza na pembe mbili peke yake. Hakuna ngoma, hakuna fidla chini yake, ni pembe mbili zinaimba sauti moja, polepole, ukumbi mzima umenyamaza. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, na nilimwona mmoja wa wale wapigaji akivuta pumzi kabla ya noti ya kwanza, mabega yakapanda. Nilijikuta na mimi nimevuta pumzi pamoja naye.

Fikeni mapema kwa sababu nyingine pia. Kabla ya yote, obo inatoa noti moja, na wote wanalinganisha vyombo vyao nayo. Obo ni ndugu wa zumari letu, hupulizwa kwa ulimi wa tete pacha. Kwetu taarabuni kazi hiyo ya kuwekea wenzake sauti nimezoea kuisikia kwenye kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi. Sikilizeni namna fidla zinavyoipapasa ile noti, mara juu kidogo, mara chini kidogo, mpaka zinaketi.

Makofi, subirini kiongozi ashushe mikono kabisa. Ukikosea usione haya. Enzi za Mendelssohn watu walipiga makofi katikati bila wasiwasi.

Ukumbi wa leo, ule wa Augustusplatz, ulifunguliwa mwaka 1981. Ndani yake yameandikwa maneno ya Kilatini waliyoyachagua wale wa zamani, kwamba furaha ya kweli ni jambo zito.

Daftari liko pale mezani karibu na birika la chai. Wanaotaka tuchukue viti vya msimu pamoja, safu moja, waandike majina usiku huu. Wanafunzi, andikeni na kwamba ni wanafunzi, tuulizie punguzo. Na asiye na uwezo wa kulipa yote mara moja aje aniambie pembeni, tutachangishana.