Babu yetu na mwaka wa njaa

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma, na wazee wangu mnaotazama, shikamooni. Nazungumza nanyi nikiwa Leicester, Uingereza, na leo sitawaonyesha masoko wala mitaa ya huku kama mlivyozoea. Tangu tulipomzika Babu mmenitumia salamu nyingi za pole, nami nawashukuru sana. Karibu kila aliyeandika alisema kwamba marehemu alikuwa mchapakazi, na ni kweli, ila naona tunamsifu kwa nusu tu ya kazi yake. Wenye nguvu za kushika jembe walikuwa wengi pale kijijini. Babu alitofautiana nao kwa sababu kila alichokifanya alikifanya akiufikiria mwaka wa njaa, hata vihenge vikiwa vimejaa.

Hofu hiyo aliirithi. Wazazi wake waliinusurika njaa ya Mtunya, iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kukomba nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nazo zikagoma. Baadaye baba yake alipata kibarua Kongwa, katika ule mradi mkubwa wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951. Babu alipenda kutusimulia jinsi matrekta yalivyoharibikia kwenye visiki na mizizi, na jinsi ardhi ilivyokauka ikawa ngumu hata karanga zikakataa kung'oka. Alisimulia akicheka, lakini akimaliza alitupeleka shambani.

Mvua ya kwetu huanza mwezi Desemba na kuisha Aprili, na miaka mingi haifiki milimita 600. Babu hakuisubiri. Mawingu yakiwa bado mbali, alifyeka magugu na kupanda uwele katika udongo mkavu bila kuulima, yaani kuberega, jambo ambalo mabwana shamba hawakulipenda hata kidogo. Vipande vingine alivilima vizuri na kuvitia samadi, kisha akapanda mtama na karanga, na mashamba yake aliyatawanya makusudi, kwa kuwa kwetu mvua inaweza kunyesha upande mmoja wa kilima na kuuruka upande wa pili. Majirani walipohamia kwenye mahindi, yeye alipanda machache ya kuchoma tu. Sisi wajukuu tulinung'unika, kwa maana ni mtama na uwele unaovamiwa na kwelea kwelea, na waliokaa juu ya dungu na kombeo tangu alfajiri tulikuwa sisi.

Mwaka 1971, Operesheni Dodoma ilipowakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, Babu alihama kama wengine na kujenga tembe jipya. Hakubishana na mtu. Hata hivyo aliendelea kuamka usiku na kutembea hadi kwenye mahame yake, mahali lilipokuwa zizi la zamani, kwa sababu alijua kwamba samadi ya miaka mingi haihamishwi kwa amri, na kwamba udongo ule ungezaa hata pale ambapo mashamba mapya yaliyo karibu na kijiji yangeshindwa. Ukame wa miaka ya katikati ya sabini ulipofika, mahame hayo ndiyo yaliyoilisha nyumba yetu pamoja na nyumba kadhaa za majirani.

Hapa nawaomba wajomba na baba zangu wadogo wanivumilie. Sifa zote tunampa yeye, ilhali maji yalichotwa na Bibi, akifukua mchanga wa korongo wakati wa kiangazi, na mlenda tuliokula kwa ugali wa uwele aliukausha Bibi. Funguo za vihenge pia alikuwa nazo Bibi, na Babu mwenyewe aliomba ruhusa kabla ya kutoa debe moja kumpa mgeni. Alikuwa mkali kwetu sote, lakini si kwa huyo mama.

Limebaki suala la ng'ombe. Kama mnavyofahamu, Babu hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki, wengine upande wa Mvumi, wengine Bahi, wengine mbali zaidi, ili ugonjwa au ukame ukipiga mahali pamoja usiwamalize. Aliyetunza alikunywa maziwa na kutumia samadi, na uzao ulihesabiwa kwa makubaliano. Hesabu yote ilikuwa kichwani mwake, wala hakuna daftari. Baba mkubwa sasa anaandika orodha nyumbani, kwa ajili ya kumbukumbu, si kwa ajili ya kuwaondoa ng'ombe hao mlipowalea. Kwa hiyo ninyi mliokabidhiwa, au ambao wazazi wenu walikabidhiwa, tafadhali mpitieni kabla mvua hazijaanza, mmweleze mnao wangapi na mlipatana nini na marehemu. Majina sitayataja hapa, wenyewe mnajifahamu.